Ubao wa Mawimbi Wenye Mataruma Ndani

San Diego, California

Ndugu yangu Fundi Haji,

Assalaam alaykum warahmatullah. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe, mama watoto na wazee wote hapo Nungwi. Sie huku hatujambo, alhamdulillahi, na baridi imeanza kutuachia.

Siku ile kwenye simu uliniuliza mtu mzima anapata nini kukesha karakanani na ubao wa kuchezea mawimbi. Nikakuahidi barua, maana jambo lenyewe halisemeki kwa dakika mbili. Na nimependa nikuandikie wewe khasa, fundi wa kuunda vyombo vya baharini, kwa kuwa nina hakika utauelewa ubao huu kuliko wengi wa hapa wanaoupanda.

Una urefu wa futi 12. Aliyeuleta ni bwana mmoja ambaye babu yake aliuunda miaka ya 1930 akiwa bado kijana wa skuli, kwa kufuata michoro iliyochapishwa kwenye gazeti la ufundi. Umelala juu ya maboriti ya banda la gari miaka mingi. Maungio ya mkiani yameachana, vanishi imebabuka, lakini umbo limesimama vilevile. Ukiugonga kwa kidole unasikia uwazi. Nilipofungua parafujo za shaba na kuinua kipande cha plaiwudi nikakuta mataruma, Haji. Mataruma kamili kama ya mashua, yamekatiza toka ubavu hadi ubavu, yamepangwa kwa vipimo, kila moja na namba yake kwa penseli. Mwenye kuuita ubao hajauona ndani. Hiki ni chombo kilichozibwa juu na chini.

Aliyebuni ujenzi wa namna hii ni Tom Blake, mzaliwa wa Milwaukee mwaka 1902, mji usiojua bahari ya chumvi. Lakini nikianza na yeye nitakudanganya, kwa sababu yeye mwenyewe alianzia kwa mafundi wa Hawaii.

Wahawaii walipanda mawimbi kwa karne nyingi kabla meli ya Mzungu haijatia nanga kwao. Mwaka 1779 Luteni James King, aliyekuwa katika msafara wa nahodha Mwingereza James Cook, aliwaona katika ghuba ya Kealakekua wakiyakabili mawimbi makubwa na mbao zao, akaandika kwa mshangao jinsi walivyokuwa hawaogopi. Mbao zao hazikuwa za namna moja. Paipo ilikuwa fupi, ya kulalia kifudifudi. Alaia ilikuwa nyembamba, ikichongwa kwa mti uitwao koa au kwa mshelisheli, mshelisheli huu huu tunaochemsha matunda yake Unguja. Halafu kulikuwa na olo, ndefu na nene, iliyohusishwa na machifu, ambayo mti wake uliosifiwa zaidi ni wiliwili. Wiliwili ni mwepesi mno, na ndio waliotengenezea pia matengo ya mitumbwi yao, yale magogo ya pembeni yanayozuia kupinduka. Ndiyo, nao wana ngalawa, ingawa nyingi zao zina tengo upande mmoja tu. Wanahistoria wengi wa bahari wanasema hii ngalawa yetu chimbuko lake ni watu wa ukoo huo huo mkubwa wa lugha, waliovuka Bahari ya Hindi hadi Madagaska na Komoro. Kwa hiyo usome habari zao ukijua kwamba ni jamaa wa mbali wa kazi yako.

Namna walivyounda ubao inajulikana vizuri, kwa sababu maelezo ya Mhawaii mmoja yalichapishwa Honolulu mwaka 1896. Fundi akishachagua mti, aliweka shinani samaki mwekundu aitwaye kumu, ambaye ni jamii ya mkundaji. Mti ukikatwa, alichimba shimo penye mizizi na kumzika yule samaki kwa dua, yawe malipo ya kilichochukuliwa. Gogo lilichongwa kwa tezo ya jiwe mpaka likakaribia umbo, kisha likabebwa hadi banda la mitumbwi pwani. Huko ndiko subira ilikotakiwa. Alama za tezo zilisuguliwa kwa matumbawe makavu, baadaye kwa aina ya jiwe lenye kukwaruza, mpaka mkono ukipita usikwame popote. Rangi nyeusi ilipatikana kwa mizizi ya mmea wa ti, kwa magome ya mti wa kukui yaliyopondwa, au kwa masizi ya kokwa za kukui zilizochomwa. Rangi ikikauka, ubao ulipakwa mafuta ya kukui hadi ukang'aa. Na bado haukuingia majini. Kulikuwa na ibada yake kwanza. Tangu hapo, kila ulipotoka baharini ulikaushwa juani, ukapakwa mafuta, ukaviringishwa nguo ya magome na kutundikwa ndani ya nyumba.

Nimelisoma hilo la mwisho mara nyingi. Ubao uliwekwa ndani, pamoja na watu. Marehemu babu yako alivyokuwa hamruhusu mtu kuacha tezo yake nje usiku, naamini angekaa na mafundi wale wakaelewana bila mkalimani.

Karne ya 19 iliwatesa watu hao. Maradhi yaliyoletwa na meli yaliwamaliza kwa wingi usioelezeka; walikuwa laki kadhaa, na kufikia miaka ya 1890 walibaki karibu 40,000. Wamisionari waliofika mwaka 1820 hawakuupenda mchezo, na zaidi hawakuupenda uchi na kamari vilivyokwenda nao. Mwaka 1893 Malkia Liliuokalani akapinduliwa. Utasoma mahali pengi kwamba kupanda mawimbi kulikufa kukafufuliwa na wageni. Mimi sikubali. Mwaka 1885 vijana watatu wa ukoo wa kifalme wa Hawaii, waliokuwa wakisoma huku California, walipanda mawimbi Santa Cruz, penye mlango wa mto San Lorenzo, kwa mbao zilizochongwa kwa redwood, mti mwekundu wa hapo hapo. Duke Kahanamoku, aliyezaliwa 1890 na kuchukua dhahabu ya kuogelea Stockholm mwaka 1912, alikulia Waikiki ambako watu wazima walimfundisha mawimbi. Alipokwenda Sydney mwishoni mwa 1914 hakuwa na ubao, akanunua mbao ya msonobari kwa mfanyabiashara wa mji huo, akachonga mwenyewe, akawaonyesha watu wa pwani ya Freshwater kazi ya wazee wake. Ubao huo umehifadhiwa pale pale Freshwater mpaka leo. Watu wa namna hiyo hawakufufua kitu. Walikuwa nacho mikononi siku zote.

Kilichopotea kweli ni olo. Machifu wake walikwisha, mafundi wake wakaenda nao. Mbili zilizobaki zilikuwa za chifu Abner Paki, mtu mkubwa wa mwili aliyefariki 1855, ambaye binti yake Bernice Pauahi ndiye jumba la makumbusho la Bishop pale Honolulu lilianzishwa kwa kumbukumbu yake mwaka 1889. Ndefu zaidi ina karibu futi 16, na inapita kilo 60 kwa uzito. Jaribu kufikiria mtu mmoja akiitoa majini. Na hata pale makumbusho hazikuheshimiwa mwanzoni: zilifungwa kwa waya kwenye ukuta wa nje, zimepakwa rangi ya kufunika mti, jua na mvua juu yake.

Hapo ndipo anapoingia Blake. Alikutana na Duke mwaka 1920 katika jumba la sinema mjini Detroit, akamwendea kumpa mkono. Miaka michache baadaye akafika Hawaii, na mwaka 1926 aliomba ruhusa ya kuzitengeneza zile olo za Paki. Akazikwangua rangi, akaufikia mti, akaupaka vanishi. Haji, wewe unajua kinachotokea ukikwangua kitu cha fundi mwingine. Mkono wako unapita pale pale mkono wake ulipopita. Unajua wapi alikata tamaa, wapi alibadili nia, kwa nini unene umekuja hapa na si pale. Blake hakuwa na mwalimu wa olo kwa sababu walimu walikwisha, ila mbao mbili zilimfundisha kwa kuzishika.

Akataka kuunda mfano wake. Akanunua ubao mzito wa redwood, futi 16 kwa futi 2, unene wa inchi 4, uzito wake karibu kilo 70. Ili kuupunguza akautoboa mamia ya matundu toka juu hadi chini, akauacha mwezi mzima ukauke, kisha akaufunika pande zote mbili kwa ubao mwembamba na kuziba. Ulipokamilika ulikuwa umeshuka hadi kilo 50 na kitu. Kwa kasi ya kupiga kasia la mikono hakukuwa na kitu cha kuufuata. Mwaka 1928 alishinda mashindano ya pwani ya Pasifiki pale Corona del Mar, huku California, na mbao zake za uwazi zilipoanza kuvunja rekodi Honolulu wako waliolalamika kwamba hiyo si haki, kwamba huo si ubao. Wenzake hawakukaa wakilalamika muda mrefu; wengi wakaanza kuunda wa kwao.

Kutoboa matundu ilikuwa njia ya mtu anayetoa mti kwenye gogo, kama tunavyochimba mtumbwi wa mwembe. Hatua iliyofuata ilikuwa kubwa zaidi kwa maoni yangu, ingawa watu huisimulia kwa haraka: aliacha kutoa, akaanza kujenga. Badala ya gogo lililotobolewa, akapanga mataruma ya kukatiza, akayazungushia mbavu, akayafunika kwa ngozi nyembamba ya mbao juu na chini. Ni safari ile ile ya kutoka mtumbwi kwenda mashua, ila mtu mmoja aliimaliza kwa miaka michache. Alipeleka maombi ya hataza, hati ya kulinda ubunifu wake, mwaka 1931, akapewa Agosti 1932, na humo chombo chake kimeitwa sleji ya majini, yaani kitu cha kuteleza juu ya maji. Mwaka huo huo yeye na wenzake wawili walipiga mikono toka bara la California hadi kisiwa cha Catalina, zaidi ya maili 26 za bahari, naye akafika kwa muda usiotimia saa 6.

Sasa nikurudishe kwenye meza yangu, maana ramani zake zilipochapishwa katika magazeti ya ufundi, vijana wa skuli wakaziingiza karakanani, na mmoja wao ndiye babu wa huyu bwana. Mbavu zake ni redwood, iliyopindwa taratibu kutoka omo hadi mkiani. Mataruma ni mbao laini ya msonobari, na kila taruma limekatwa pengo dogo chini na juu. Nilidhani ni la kupunguza uzito. Kumbe ni njia ya maji na hewa. Maji yakiingia, na huingia, yatatafuta njia yake toka chumba hadi chumba mpaka kwenye kizibo cha shaba kilicho omoni. Unausimamisha ubao kichwa chini, unafungua kizibo, maji yanatoka yenyewe.

Kizibo hicho kina kazi ya pili ambayo mtu asiyeijua ataharibu ubao siku ya kwanza. Ukiuacha mchangani jua kali kizibo kimefungwa, hewa ya ndani inapata joto, inatanuka, inatafuta pa kutokea, na pa kutokea ni maungio. Kwa hiyo ukitoka majini unafungua, ukiingia unafunga. Nadhani mkia huu ulifumuka hivyo hivyo, na si kwa kugonga mwamba, kwa sababu mbao yenyewe haina pigo popote. Parafujo zimeng'oka kutoka ndani kwenda nje.

Waokoaji wa pwani walizipenda sana mbao hizi, kwa kuwa ni ndefu, zinaelea vizuri na mtu aliyezidiwa na maji anaweza kulazwa juu yake. Faida hiyo Duke alikwisha kuionyesha kabla: Juni 1925, mashua iitwayo Thelma ilipopinduliwa na mawimbi Corona del Mar, aliingia na ubao wake mara tatu akatoa watu 8 hai. Miaka iliyofuata, ubao mwepesi wa uwazi ukawa chombo cha kazi katika pwani nyingi.

Lakini ulikuwa na tabu yake. Chini palikuwa laini, hapana kitu cha kushika maji, na wimbi likiwa la kusimama mkia uliteleza pembeni ukakuangusha. Mwaka 1935 Blake akachukua pezi la chuma kutoka boti la mbio lililotelekezwa, akalifunga chini ya ubao wake Waikiki, na ubao ukatii. Leo huwezi kuona ubao usio na pezi isipokuwa mwenyewe ametaka hivyo. Nafikiri watu wangemkumbuka kwa hilo peke yake. Huu wetu una tundu mbili chini zilizozibwa kwa vijiti, kwa hiyo yule kijana naye alijaribu pezi wakati fulani, akaliondoa.

Yaliyofuata nitakupitishia upesi kwa sababu hayanivuti. Baada ya Vita Kuu ya Pili ikaja balsa ya Ecuador ikifunikwa faibaglasi na rezini, nyepesi mno, na mchongaji Bob Simmons akaleta hesabu za mwendo wa maji katika uchongaji. Mwaka 1958 Hobie Alter na Gordon Clark wakaanza kutumia povu gumu la kemikali, na hapo mti ukawekwa kando. Clark akaja kuwa na kiwanda kilichowauzia wachongaji wengi duniani povu lake, mpaka siku moja ya Desemba 2005 akafunga ghafla, na wachongaji wakajikuta hawana cha kuchonga. Sisemi povu ni baya. Vijana wanafanya maajabu juu yake. Ila likivunjika linatupwa, na asiyelijua haoni ndani yake alama ya penseli ya mtu yeyote.

Kazi ninayokuombea shauri ni hii ya mkia. Gundi ya zamani imekuwa vumbi la kahawia. Mbao imekaa kavu miaka mingi, na pengo la maungio linaingiza ncha ya kisu. Mwenzangu wa karakana anasema nilijaze rezini, nimalize. Mimi naogopa: ubao ukishiba maji utavimba, rezini haitasogea, kitakachopasuka ni mbavu ya redwood ambayo siwezi kuipata tena yenye mshipa ule. Pamba na kalafati za kusindilia maungioni nazo naona zitasukuma plaiwudi nyembamba ikafumuka zaidi. Nimefikiria kuulaza kwenye kivuli chenye unyevu majuma kadhaa mbao irudi yenyewe karibu, kisha nitie kipande chembamba cha mti badala ya kujaza kitu kigumu. Wewe ukipandisha dau lililokaa juu kavu mwaka mzima, unaanzaje? Unalimwagia maji kwanza au unakalafati kwanza? Na je, unaacha kiasi gani cha nafasi? Niandikie hata kama unaona swali la kitoto.

Vanishi nimeamua kuigusa pale ilipobabuka tu. Mwenyewe alitaka ung'ae mzima kama mpya, nikamwonyesha mahali pa goti la babu yake juu ya sitaha, pamelika mviringo mmoja kila upande. Akaniambia niache.

Sasa liko jambo lako, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu badala ya simu. Uliniambia lile dau la marehemu babu yako lililo nyuma ya nyumba litapasuliwa kuni kabla ya masika. Sikuzuii, mchwa wamelila na uwanja ni wako. Nakuomba kitu kimoja: usilitie shoka kabla hujalipima. Unakumbuka mtepe, chombo kile cha mbao zilizoshonwa kwa kamba? Hakuna hata mmoja wa zamani uliobaki kwenye pwani yetu yote. Ule uliowekwa Beit al-Ajaib pale mjini Unguja uliundwa upya kwa kutazama picha na vifano vidogo, kwa sababu waliojua kuushona walikwisha bila mtu kuwapima kazi yao. Blake alipata bahati ya mbao mbili zilizosahauliwa ukutani. Babu yako alijenga kwa jicho, hakuandika hata namba moja, na dau hilo ndiyo daftari lake pekee.

Kwa hiyo vuta kamba toka omo hadi shetri, na kwenye kila futi moja pima upana juu, upana penye maji, na kina hadi mkukuni. Pima unene wa ubao mahali palipopasuka, usitoboe. Hesabu mataruma na nafasi baina yao, kwani nakumbuka alikuwa akiyabana zaidi mbele ya mlingoti na sijui alikuwa na sababu gani. Kama wewe unaijua, iandike pembeni. Mpe mwanao mkubwa ashike ncha ya pili ya kamba na aandike yeye, mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu na wako. Piga picha kila upande, na kama kuna ubavu mmoja mzima niwekee, nitalipa usafiri wake.

Nipelekee salamu kwa mama, mwambie zile karafuu zilifika salama. Nangoja jibu lako kuhusu mkia. Sitatia gundi kabla sijalipata.

Wasalaam,
Ndugu yako Khamis